Ndege Waliopiga Hodi

Jumapili, 2 Machi

Nina mume! Nimeandika tu ili nione maneno hayo yanavyokaa kwenye karatasi. Nina mume, nina ufunguo wa mlango wangu, nina dirisha linalotazama ua, na tangu jana nina mvua juu ya bati langu mwenyewe, maana masika yamesubiri nimalize kupanga nguo kabatini ndipo yakaanza.

Mume wangu ni fundi saa. Chumba cha mbele kinachotazama barabara ndicho duka lake: meza moja, taa moja, na saa za watu zikibishana ukutani, kila moja na ukweli wake. Nyuma kuna chumba chetu, chumba cha Mama mkwe, na jiko. Na kati ya jiko na chumba chetu, kuna chumba cha ndege.

Leo kaniingiza humo rasmi, kama mtu anayempeleka mchumba kwa wazee. "Vua viatu," kaninong'oneza. "Usicheke, usipige chafya, na usiniite mpenzi kwa sauti."

"Kwa nini?"

"Watajifunza kuniita."

Kumbe kanari hazaliwi na wimbo wake. Anajifunza. Madume wachanga wa mwaka huu ni kumi na mmoja, na wako shuleni mpaka mashindano ya mwisho wa Aprili: kila mmoja kwenye tundu lake lenye pazia, hamwoni mwenzake, anamsikiliza ndege mmoja mzee aitwaye Mwalimu. Wanachosikia miezi hii ndicho watakachoimba maisha yao yote. Mlango ukilia, wataimba mlango. Ndiyo maana bawaba za chumba kile zinapakwa mafuta kuliko nywele zangu.

Kisha Mwalimu akaimba. Jamani! Alianza chini, kama maji yanayochemka nyumba ya jirani, akapanda, akazungusha sauti mpaka nikahisi inanizunguka kiunoni. Halafu akanyamaza kidogo, na mwisho kabisa akatoa sauti tatu fupi, kavu, na ya nne ndefu inayoshuka. Kama mtu mwenye adabu aliyegonga ubao kwa kidole, kisha akashusha pumzi kusubiri.

"Hiyo inaitwa Hodi," mume wangu kasema, macho yanang'aa. "Ni ya ndege wa marehemu baba peke yao. Majaji wanaipa alama nyingi kuliko kitu kingine chochote."

Anasema Hodi ilitokea mwaka wa mwisho wa baba yake. Yeye alikuwa mbali akijifunza ufundi. Aliporudi kuzika, alikuta ndege wachanga wanaiimba, na Mwalimu alikuwa mmoja wao. Baba kaenda, Hodi ikabaki. Nilikaribia kulia.

"Karibu," nikamjibu Mwalimu kwa mnong'ono. Mume wangu alicheka mpaka akaanza kukohoa, akakimbilia uani na mdomo kwenye kiwiko, maana kukohoa mbele ya wanafunzi ni dhambi kubwa. Alikohoa mara mbili, akavuta pumzi na mluzi mdogo ndani yake. Ni kikohozi chake cha kawaida. Hata kikohozi chake nakipenda.

"Pole, baba," Mama mkwe akasema kutoka jikoni.

"Nishapoa, Mama."

Hivyo ndivyo wanavyozungumza hao wawili siku nzima.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kanitengenezea saa ya mkono iliyosahauliwa na mwenyewe miaka mingi. Kaiweka mbele kidogo makusudi, ili nitoke kazini mapema na kurudi kwake.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimekutana na Padri. Si padri, alikaa seminari miaka mingi, akatoka akaoa, jina likabaki. Ni rafiki wa marehemu baba mkwe na ndiye jaji mkuu wa chama cha wafugaji wa kanari. Mzee mrefu, miwani imefungwa kwa uzi, na kila anachokijua kinamwasha mpaka akiseme.

Alikuja kuwasikiliza wanafunzi. Baadaye tukakaa jikoni kunywa chai, nami nikamuuliza (ili nionekane nimesoma) kama kanari ana jina la kitaalamu.

"Kanari analo lake," akasema, "lakini nikupe jina la ukoo mzima. Karibu ndege wote wanaojifunza wimbo kwa kusikia, wataalamu wamewaweka jamii moja. Wanawaita *oscines*. Kilatini hicho, mwanangu. Mmoja ni *oscen*. *Ob*, mbele ya, kumwelekea mtu. *Canere*, kuimba. Ndege anayekuimbia usoni."

"Jamani, vizuri hivyo!" nikasema.

"Subiri kwanza. Warumi wa kale walipotaka kwenda vitani au kuanza jambo, walikuwa na watu kazi yao ni kuwauliza ndege. Ndege wengine walisomwa kwa kuruka: kaenda kulia, kaenda kushoto. Hao waliitwa *alites*, wenye mabawa. Wengine walisomwa kwa sauti, na hao ndio *oscines*. Kwa hiyo *oscen*, tangu mwanzo, hakuwa ndege mwenye sauti tamu. Alikuwa ndege mwenye habari."

"Ndege gani hao?" mume wangu akauliza.

"Kunguru. Bundi."

Mama mkwe alikuwa anakuna sufuria. Akageuka. "Kunguru anaimba?"

"Kitaalamu, shemeji, bundi walimtoa, lakini kunguru yumo kwenye jamii ya waimbaji mpaka leo."

"Basi na mimi kitaalamu ni tajiri."

Tulicheka sana. Padri akafuta miwani. "Na sisi tulihitaji Kilatini cha nini? Mtu akisafiri tunamwombea nini? Ndege njema. Wahenga wetu nao walikuwa wanasikiliza."

"Mimi hao wako sitaki habari zao," Mama mkwe akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Walishanilia mume." Akatoka na sufuria yake.

Mume wangu akanong'ona nisimjali. Baba alikufa kwa kifua, baridi ya miaka mingi, lakini Mama lazima awe na wa kumlaumu. Toka siku ya mazishi hajakanyaga chumba kile.

Nadhani ni wivu. Si wivu mbaya. Wivu wa mwanamke ambaye wanaume wake wawili wameamka kila asubuhi na kuwasalimu ndege kwanza. Mimi nitakuwa na busara zaidi. Nitawapenda pamoja naye.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepita mlangoni kabla ya kwenda kazini. "Oscen wangu, habari?" Mwalimu akapiga Hodi papo hapo! Mgeni anakuja nyumbani kwetu. Najua mgeni gani ninayemtaka, mdogo, asiye na meno.

Ijumaa, 14 Machi

Duka la vitambaa lilikuwa limejaa. Nimepima mapazia siku nzima, na mwishoni nikajinunulia vipande vya njano vilivyobaki nishone pazia mpya za matundu. Mume wangu anasema nina jicho la fundi. Anakohoa zaidi kwa sababu ya unyevu. Pole, baba. Nishapoa, Mama. Unaweza kuimba.

Jumapili, 16 Machi

Bati la chumbani limetoboka juu ya kitanda. Godoro limelowa, mito imelowa, mimi nimelowa na nacheka, yeye kasimama juu ya kiti na beseni kichwani kama askari. Fundi wa paa anasema hawezi kupanda mpaka mvua ikatike. Wala haitakatika leo wala kesho.

Wazo ni langu, na ninajivunia. Chumba cha ndege ndicho kikavu kuliko vyote. Hakina ufa, kina taa ya joto, dirisha halipitishi upepo hata chembe. Na mume wangu mwenye kikohozi alale wapi kama si penye joto? Nilipomwambia, alinitazama kama nimempa zawadi ya pili ya harusi. Alitaka siku zote kulala pale tangu utotoni, baba yake alimkatalia.

Tulipokuwa tunasukuma kitanda, Mama mkwe akasimama mlangoni kwake mikono kiunoni.

"Mnakwenda wapi na hicho?"

"Kwa ndege, Mama. Kwetu kunavuja."

"Njooni kwangu. Nitalala jikoni."

"Mama, hatuwezi kukuweka jikoni."

"Mimi ndiye ninayesema. Mwanangu, usilale mle. Nakuomba."

Hakusema "nakuomba" kwa sauti ya kuomba. Alisema kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi. Mume wangu akamkumbatia, akamwita mwanamwali, akamtania kwamba anaogopa ndege watajifunza kukoroma. Hakucheka. Akanigeukia mimi. "Na wewe umesoma!"

Nimeumia. Nilitaka tu apate joto.

Jumatano, 19 Machi

Nani aliwahi kuamshwa hivi? Pazia za njano, mvua nje, na Mwalimu anaanza polepole kama anayeogopa kutuamsha, kisha wachanga wanamwiga kila mmoja nyuma ya pazia lake, wakikosea, wakirudia. Manyoya madogo yanaelea kwenye mwanga wa taa kama vumbi la dhahabu. Mume wangu kanitoa moja kwenye nywele, akalipuliza.

Anakoholea kwenye mto sasa, ili wasisikie.

Jumatatu, 24 Machi

Leo kitu cha ajabu. Nilikuwa uani naanika ndani ya banda, Mama mkwe yuko jikoni anakoroga uji. Niliacha mlango wa chumba cha ndege wazi nipitishe mashuka. Mwalimu akaimba wimbo wote mpaka Hodi.

Mama mkwe akasema, "Naam?"

Akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake, ya msichana. Akageuka kabisa, mwiko mkononi, akitazama mlango. Hakukuwa na mtu. Akaweka mwiko chini, akatoka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya manyunyu mpaka uji ukaungua.

Nilimuuliza kama anaumwa. "Funga ule mlango," akasema. Basi. Nimemwambia mume wangu uzee umeanza kumchezea. Tutamvumilia.

Jumamosi, 29 Machi

Ameshindwa kumaliza kubeba ndoo kutoka bombani. Akaiweka njiani, akajifanya anatazama mawingu.

Alhamisi, 3 Aprili

Amekonda. Wanawake wa dukani wananitania kwamba ndoa yangu ni tamu mno, nimwache mtoto wa watu apumzike. Nilicheka nao. Njiani kurudi sikucheka.

Duka la mbele lina baridi, upepo unaingia chini ya mlango. Kwa hiyo nimehamishia meza yake ndogo chumba cha ndege, na kiti, na blanketi miguuni, nikaziba ufa wa mwisho wa dirisha kwa vitambaa. Sasa yuko mle mchana kutwa na usiku. Anafungua saa za watu huku Mwalimu anafundisha. Nikirudi namkuta kajaa manyoya mabegani kama malaika aliyefika leo. Namkung'uta, namkumbatia, nanusa mtama kwenye shati lake. Kama kuna mke anayemtunza mume wake kuliko hivi, aje anioneshe.

Jumanne, 8 Aprili

Mmoja wa wanafunzi ameharibika. Ni yule mdogo aliyeanguliwa baada ya wenzake wote, tunamwita Kichelewa. Tundu lake liko karibu na mto wetu. Leo alikwenda vizuri mpaka mwisho, na badala ya Hodi akatoa mbili fupi, kisha mluzi mwembamba wa kuvuta pumzi. Tukatazamana.

"Huyo ni mimi!" mume wangu akasema.

Alicheka mpaka machozi, na kicheko kikageuka, hakikuisha, midomo ikawa na rangi ya wino. Nilimpiga mgongoni. Kutoka upande wa pili wa ukuta: "Pole, baba. Pole, baba. Pole." Hakuweza kumjibu.

Kichelewa hatakwenda mashindanoni. Jaji akisikia kikohozi anakata alama zote.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika kwenye benchi la hospitali. Jana asubuhi hakuweza kusimama. Jirani mwenye gari alitusaidia, mimi na Mama mkwe nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, mvua inapiga kioo. Wamemtia mrija wa oksijeni. Wamepiga picha ya kifua.

Daktari wa kifua ni mwanamke wa umri wangu, na hilo lilinifanya nidhani atakuwa na huruma ya kunidanganya. Akatuketisha wote wawili.

"Nyumbani mnafuga nini?"

"Kanari," nikasema. "Wazuri sana. Wa mashindano." Mungu wangu, nilisema hivyo.

"Tangu lini?"

"Tangu yuko tumboni," Mama mkwe akasema. "Walikuwa wa baba yake."

Daktari akaeleza taratibu. Ni vumbi. Vumbi la manyoya na la mavi makavu, jembamba hata huwezi kuliona. Watu wengi wanalivuta na hawapati kitu. Wengine mwili unapigana nalo, kila siku, miaka na miaka, na kinachoumia katika vita hivyo ni mapafu yenyewe. Yanakakamaa. "Kama sponji iliyosahauliwa juani," akasema.

"Tukiwaondoa leo?" nikauliza. "Leo hii, nikienda nyumbani sasa hivi?"

"Waondoeni. Lakini palipokauka hapalainiki tena." Akatazama karatasi zake. "Kinachonishangaza ni kwamba ameshuka ghafla wiki hizi. Kuna kilichobadilika? Analala chumba gani?"

Niliona dirisha nililoziba kwa mikono yangu. Niliona pazia za njano. Nilisubiri Mama mkwe aseme: ni huyu, msomi wangu, ndiye aliyempeleka. Ilikuwa haki yake.

Akasema, "Bati letu linavuja." Na akaweka mkono wake juu ya wangu, bila kunitazama.

Daktari akaandika. Kisha akauliza baba yake alikufa na nini. Kifua, Mama mkwe akasema. Alikohoa namna gani, kwa makohozi au kikavu? Mama mkwe akafikiri, akanyoosha shingo, na pale pale kwenye kiti cha plastiki akaigiza kikohozi cha mumewe.

Tatu fupi, kavu. Kimya kidogo. Na moja ndefu inayoshuka.

Niliisikia ikitoka kinywani mwake, kipimo kile kile, urefu ule ule. Niliijua kuliko jina langu. Nimeikaribisha kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Nilimtazama. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Ndiyo. Nilimsikia siku ile ya uji. Nikadhani ameniita."

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Naruhusiwa kumwona nikishaoga na kuosha nywele na kuvaa nguo ambazo hazijaingia chumba kile. Mke gani huyu anayeitoa harufu ya mumewe mwilini mwake kwa sabuni kabla ya kwenda kumbusu.

Padri alikuwa amesafiri. Anarudi wiki ijayo. Hakuna mwingine wa kuwachukua ndege, na mume wangu hataki nimpe mtu asiyejua kazi. Nawalisha nikiwa nimefunga kitambaa puani. Wanaimba tu. Wanaimba vizuri kuliko siku zote. Wanafunzi kumi wote wameipata Hodi.

Jumanne, 22 Aprili

Kikohozi chake kimebadilika. Leo nilikuwa namlisha machungwa, akaanza. Nilihesabu bila kutaka. Tatu. Kimya. Moja ndefu.

Alifungua macho akanitazama juu ya mrija.

"Umesikia?" akasema.

"Nimesikia nini?"

"Usinifanye mtoto, mke wangu." Akapumzika. Sasa maneno yake yanakuja mawili mawili. "Toka jana najisikia. Nikajiuliza, nimeisikia wapi hii?" Akatabasamu, lile tabasamu lililonifanya nimpe namba yangu mbele ya wateja. "Baba alikuwa anakaa nao mle. Mwisho kabisa. Mama aliniambia kwenye simu, kahamia kwa ndege. Nikaona vizuri, wanamliwaza."

Nililia kwenye shuka lake. Nikamwambia mimi ndiye niliyeziba dirisha. Akasema alilala wiki zake nzuri kuliko zote. Nilimwomba asiseme kwa kunihurumia. Akasema hana pumzi ya kuhurumia mtu.

Kisha: "Wapeleke mashindanoni."

"Hapana."

"Wameshajifunza. Hawawezi kusahau. Wapeleke, uniambie."

Jumapili, 27 Aprili

Nimewapeleka.

Ukumbi wa shule, meza ndefu, matundu yamepangwa. Majaji watatu wanakaa kimya na kalamu, watazamaji wanakaa nyuma, hakuna anayesogeza kiti. Padri alikuwa katikati. Alikuwa amerudi jana yake na kuambiwa tu kwamba fundi anaumwa kifua.

Zamu yetu ilipofika, wakafunua pazia zangu za njano. Ndege wanne wa kwanza waliimba kana kwamba hakuna kitu duniani. Na mwishoni, mmoja baada ya mwingine: tatu kavu, kimya, moja ndefu. Tatu kavu, kimya, moja ndefu. Nyuma yangu mtu akashusha pumzi, "Aaah, Hodi hiyo." Mwingine akasema haijawahi kuwa safi hivi. Niliona kalamu ya Padri ikienda, na kichwa chake kikitikisika kwa furaha, macho amefumba.

Nilikuwa nimekaa hospitalini mpaka alfajiri nikisikiliza sauti hiyo hiyo.

Tumepata nafasi ya kwanza. Walinipigia makofi mimi, mke wa fundi. Nje, chini ya baraza, Padri alinishika mabega, akaanza kuniambia baba mkwe angejivunia kiasi gani. Nikamkatiza.

"Baba, hiyo Hodi ni kikohozi chake."

"Cha nani?"

"Cha baba mkwe. Alipokuwa anakufa. Wachanga walikuwa shuleni, yeye amekaa nao. Wakajifunza. Na sasa mwanawe anakohoa hivyo hivyo."

Hakunibishia. Alivua miwani yake yenye uzi akaishika tumboni. Maji yalikuwa yanamwagika kutoka paani karibu na viatu vyake.

"Nilikuwa nakaa naye kiti kwa kiti," akasema. "Nilikuwa namwambia pole. Halafu nasikia ndege, naandika alama." Akajaribu kuvaa miwani, ikakataa. "Ndege mwenye habari. Mimi ndiye niliyekufundisha, siyo? Nikanywa na chai."

Nikaenda kumwambia mume wangu tumeshinda.

Alhamisi, 1 Mei

Alifurahi. Nataka iandikwe mahali kwamba alifurahi.

Jumamosi, 3 Mei

Tumerudi kumzika, na saa zote za ukutani zinakwenda. Sikujua kwamba zingeendelea kwenda.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imekatika. Fundi wa paa amekuja, ameziba tundu. Kazi ya dakika chache.

Jumapili, 18 Mei

Padri alikuja na mkokoteni kuwachukua ndege. Amewaeleza wenzake wa chama. Anasema mmoja akauliza, basi sasa tuiite nini? Mwingine akauliza kama alama zinabaki. Ndege wa ukoo huu wameshauzwa kila mahali, wamefundisha wengine, na hao wamefundisha wengine. Hakuna wa kuwanyamazisha. "Itaimbwa baada yetu sote," akasema, na alisema kama mtu anayesoma ripoti ya daktari.

Alipoinua tundu la Mwalimu, Mama mkwe alitoka jikoni. Akaingia chumba cha ndege kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kitambaa puani, viatu mlangoni. Akasimama mbele ya yule ndege mzee. Mwalimu hakuimba, kanari haimbi kwa kuombwa. Mama mkwe akamngoja. Padri akamngoja Mama mkwe. Mwisho Mama mkwe akasema, "Haya, mchukue," na akamgeukia Kichelewa. "Huyu anabaki."

"Shemeji, daktari amesema—"

"Atakaa nje. Uani kuna hewa. Huyu hawamtaki huko kwenu, mtamnyonga kwa kuwa kilema."

Nilidhani mwanzoni kwamba mwanamke huyu anawaonea ndege wivu. Nimesoma miaka yote ile, na sikujua kumsoma mtu mmoja jikoni.

Mchana tulikaa uani. Tundu la Kichelewa nimelitundika chini ya ukingo wa paa, bila pazia. Anga ni safi, la bluu, la kijinga. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi kwenye beseni, mimi nafua pazia za njano, si kwa sababu zina kazi tena.

Kichelewa akajaribu jua kwanza kwa sauti mojamoja. Kisha akaimba wimbo wote, chini, juu, akauzungusha, akafika mwisho. Mbili fupi, na ule mluzi mwembamba wa kuvuta pumzi. Kikohozi cha Machi. Cha mtu aliyekimbilia uani na mdomo kwenye kiwiko, anacheka.

"Pole, baba," Mama mkwe akasema, bila kuinua kichwa.

Kisha kisu kikasimama. Akanitazama, nami nikamtazama, na tukasubiri jibu sote wawili, mpaka maji ya beseni yakatulia.